SIKIO LA KUFA HALISIKII DAWA

Tarehe 7 Machi, 2007, ndege ya abiria ya shirika la Garuda iliondoka Jakarta, Indonesia, ikiwa na watu 140, ikielekea Yogyakarta. Ilipoukaribia uwanja ilikuwa juu mno, na mwendo wake ulipita kadiri. Mtambo wa kuonya uliomo ndani ya ndege ulilia mara 15. Rubani msaidizi alimwambia mkubwa wake mara mbili kwamba waache kutua, wapande juu, wazunguke upya. Rubani mkuu hakuusikiliza mtambo, wala hakumsikiliza mwenzake. Ndege iligusa ardhi kwa mwendo wa maili za baharini 221 kwa saa, hali iliyopasa kuwa 134. Ikapita mwisho wa njia, ikavuka barabara, ikaangukia shamba la mpunga na kuwaka moto. Watu 21 walikufa.

Kisa hiki hakikutokea kwetu, lakini funzo lake ni la kila mtu mwenye kazi mkononi na mwenye watu chini ya amri yake.

Yafaa kwanza tueleze mtambo huo ni kitu gani. Ndege hupeleka mawimbi ya redio chini na kuyapokea yakirudi, na kwa hayo hujua ardhi iko umbali gani. Ikiwa ndege inashuka kwa kasi mno, au ardhi inaikaribia upesi, au magurudumu hayajatolewa na uwanja u karibu, mtambo hupiga kelele na kutamka maneno ya kumwamuru rubani ainue ndege. Fundi aliyeutengeneza kwa miaka mingi ni Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, aliyefariki mwaka 2023. Watu waliookolewa na kazi yake hawahesabiki, na wengi wao hawakupata hata kulisikia jina lake.

Haja ya mtambo huo ilionekana hata hapa Afrika Mashariki. Mwezi Septemba, 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka Nairobi katika mawingu. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari, lakini marubani wakafahamu futi 5,000. Uwanja wenyewe uko juu ya futi 5,300! Yaani walikuwa wakiiongoza ndege chini ya ardhi. Ilipotoka mawinguni waliiona nchi mbele yao, wakainua kwa haraka. Zilikuwa zimebaki futi 70 tu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Desemba, 1974, ndege nyingine iliyokuwa ikikaribia Washington, Marekani, haikupata bahati hiyo. Iligonga mlima, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Ndipo serikali ya Marekani ilipotoa amri kwamba ndege kubwa za abiria zifungwe mtambo wa kuonya.

Mitambo ya kwanza ilikuwa na upungufu wake. Iliona chini tu, haikuona mbele. Mwaka 1979, huko Antaktika, ndege ya New Zealand iliyokuwa na watu 257 ilipata onyo kwa muda wa sekunde sita hivi kabla ya kugonga mlima Erebus, wala hakupona hata mtu mmoja. Tena mitambo hiyo ilizoea kulia pasipo hatari, na marubani nao wakazoea kuipuuza. Tangu miaka ya 1990 imewekwa mitambo mipya yenye ramani ya milima na mabonde ya dunia ndani yake, nayo huonya mapema zaidi. Kwa hiyo udhuru wa zamani umepungua sana.

Lakini Yogyakarta inatufundisha kwamba fundi anaweza kutengeneza sauti, hawezi kutengeneza sikio. Rubani yule hakukosa onyo. Alikuwa amekwisha azimia kutua, na kila kilichopinga azimio lake kilikuwa kelele tu kwake. Na yule msaidizi? Aliona, akasema, akanyamaza. Waliochunguza ajali hiyo waligundua kwamba hakuwa amezoezwa kushika usukani pindi mkubwa wake anapopotea. Alifundishwa kutii, hakufundishwa kuokoa.

Hapa ndipo penye shina la jambo. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, na kazi haiendi pasipo amri. Lakini heshima inayomfunga mdogo kinywa wakati wa hatari si heshima, ni uoga uliovikwa nguo safi. Mwenye kuonya haulizwi cheo chake. Huulizwa kama asemalo ni kweli.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, onyo likilia na rubani haioni ardhi waziwazi, ainue ndege papo hapo, na maswali yaulizwe baadaye huko juu. Pili, mashirika yamzoeze msaidizi kusema kwa sauti na, ikibidi, kuishika ndege. Wala asiadhibiwe mtu yeyote kwa kuacha kutua, hata ikionekana baadaye kwamba hatari haikuwapo. Mafuta yaliyoungua hununuliwa tena. Tatu, sisi abiria tuache kunung'unika ndege inapogeuka mlangoni mwa uwanja na kupanda tena. Kuchelewa nusu saa si hasara. Huenda huko juu kuna mtu amesikia.

Na wewe unayesimamia karakana, meli, mgodi au gari la abiria, jiulize leo: yuko nani chini yako aliyekwisha kukuonya mara mbili, akanyamaza? Mwite kabla ya kengele ya 15.