Neno la Mhariri: Vali Iliyoachwa Ijiponye

Mwaka 1960, huko Bethesda nchini Marekani, tabibu mpasuaji Nina Braunwald alimtilia mgonjwa vali bandia ya mitrali aliyoibuni mwenyewe. Na ni yeye yule, pamoja na wenziwe wawili, aliyeandika mwaka 1967 ya kwamba vali ya trikaspidi inayovuja kwa taathira ya maradhi ya mitrali aghalabu yaweza kuachwa pasi na kuguswa, maadamu mzigo ulioielemea umekwisha kuondolewa.

Rai hiyo haikukosa hoja. Mitrali inapoziba au kuvuja, damu hurundikana mapafuni, shinikizo la mishipa ya huko hupanda, na upande wa kulia wa moyo, usioumbwa kwa kazi nzito kiasi hicho, hutanuka hata pete ya trikaspidi ikapanuka nao, na viwambo vyake, japokuwa ni vizima, visikutane tena. Hali kadhalika, mwenye vali ya aota iliyosinyaa anapobadilishiwa, uvujaji wa mitrali uliotokana na shinikizo la kusinyaa huko mara nyingi hupungua wenyewe.

Lakini pete iliyokwisha kulegea si lazima irudi kama ilivyokuwa, na wako wagonjwa ambao, mitrali yao mpya ikifanya kazi barabara, hurejea hospitali baada ya miaka na miguu iliyovimba na tumbo lililojaa maji, ilhali kufungua kifua mara ya pili ni hatari iliyo kubwa zaidi. Ndiyo sababu Gilles Dreyfus na wenzake, mwaka 2005, walishauri upimwe upana wa pete yenyewe, kwani kiasi cha uvujaji hubadilika kwa dawa na kwa wingi wa maji mwilini, hata trikaspidi mbovu ikaonekana njema siku ya kupimwa.

Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, ya wagonjwa 401, yalithibitisha kwamba kukaza pete wakati wa upasuaji wa mitrali huzuia uvujaji kuzidi. Ila asilimia 14.1 ya waliokazwa walihitaji kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, dhidi ya asilimia 2.5 ya wenzao. Hilo si jambo dogo kwa mtu aishiye mbali na hospitali yenye wataalamu wa kifaa hicho.

Tena wagonjwa wale mitrali zao zilichakaa kwa kulegea. Kwetu Afrika Mashariki alalaye juu ya meza ya upasuaji mara nyingi ni kijana, pengine mama mwenye mtoto mchanga, ambaye homa ya baridi yabisi ya utotoni imemwachia vali zilizokakamaa na kushikamana, na huenda hata trikaspidi haikusalimika. Na kiwambo kilichoharibiwa na maradhi hakiponi kwa kuondolewa mzigo. Kwa hiyo sioni haki kumpimia kijana huyu kwa kipimo cha wagonjwa wale, wala kumwacha kwa tumaini la mwaka 1967. Nawaomba matabibu wetu waandike upana wa pete kwa milimita, pamoja na hali ya viwambo, kabla kifua hakijafunguliwa, kisha wavipime tena mwaka baada ya mwaka, na kurasa za jarida hili zi wazi kwa hesabu zao.