Gofu Mombasa: Anza na pesa ya kedi

Wasee, kila Disemba plani ya Mombasa ni ile ile: bichi, picha, halafu unarudi Nairobi huna hata nauli ya mat. Mwaka huu nimeambia mabeshte twende tucheze gofu. Mmoja akacheka, "Hiyo si ni ya mababi?" Zii. Mombasa ni kisiwa, na hapo hapo kando ya bahari kuna uwanja wa mashimo 9. Ukitaka 18, unazunguka mara mbili.

Shida ni bajeti yetu. Tuliandika treni, pa kulala, ada ya uwanja, hadi pesa ya kupigwa picha. Kedi hatukumwandika. Na mimi nimewahi kuwa kedi, baada ya fomu foo. Najua kubeba begi la mtu juani masaa manne, mwishowe anakuambia tu, "Tutaonana, kijana."

Kwa hivyo tumeanza upya: pesa ya kedi kwanza, picha baadaye. Disemba kaskazi huvuma, na yeye ndiye anajua upepo utaupeleka mpira wapi. Kama huwezi kumlipa, msee, hauna pesa ya gofu. Enda bichi, ni bure.