Binti Apate Chanjo, Mama Asisahauliwe

Shirika la Afya Duniani lilipotamka, Desemba 2022, kwamba dozi moja ya chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi yaweza kutosha badala ya mbili au tatu, sehemu muhimu ya ushahidi wake ilitoka katika nchi zetu wenyewe. Huko Mwanza, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika mafungu ya dozi moja, mbili na tatu, damu yao ikapimwa mwaka baada ya mwaka, ikadhihiri kuwa dozi moja iliacha kingamwili katika miili ya karibu wote; na nchini Kenya, katika miji ya Kisumu, Thika na Nairobi, wanawake vijana 2,275 waliridhia kufuatiliwa, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizo yanayodumu ya zile aina mbili, hatari kupita zote, za kirusi kisababishacho saratani hiyo.

Insafu yataka walioipa dunia elimu hiyo wawe wa kwanza kuneemeka nayo. Tanzania, mwaka 2024, ilianza kuwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja tu, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini chanjo humkinga asiyekwisha kuambukizwa, haimponyi mama yake, ambaye alipita umri huo kabla chanjo haijafika nchini.

Mama huyo ndiye aghalabu anayetufia. Hutokwa na damu isiyo ya mwezi wake, huona haya kumweleza hata mumewe, hupewa vidonge zahanati mara ya kwanza na ya pili, hujaribu mizizi, na rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, humfikia maradhi yakiwa yamekwisha kuenea; ndipo ukoo huuza ng'ombe au shamba ili apate nauli, malazi na chakula kwa wiki nyingi za mionzi.

Ilhali uchunguzi ambao ungemwepusha na idhilali hiyo hauhitaji mtambo wa thamani. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri kadiri ya dakika moja, kisha humulika taa na kutazama: mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, na pakiwa padogo huweza kutibiwa papo hapo kwa kugandishwa au kwa joto, na mwanamke akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipimo cha kirusi chenyewe kina uhakika zaidi, na mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe katika faragha. Lakini hadi kitakapoenea, si halali kuwaacha wanawake bila siki na taa.

Wako wazazi waikataao chanjo kwa kuhofu kwamba itawatia binti zao utasa. Hofu hiyo chimbuko lake ni mapenzi, nayo yastahili kujibiwa kwa upole na kwa ukweli: chanjo haiondoi uzazi, bali saratani yenyewe ndiyo iuondoayo, maana kizazi kikishakatwa, au nyonga ikishapigwa mionzi, mara nyingi matumaini ya kupata mtoto huwa yamekwisha.

Dunia imejiwekea ahadi kwamba kufikia mwaka 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Ahadi hiyo haitatimizwa na hospitali kubwa peke yake. Maadamu dozi moja imechukua mahali pa mbili, fedha na wauguzi waliookolewa kwa kuondoka dozi ya pili wapelekwe kwenye uchunguzi, hata kila zahanati iwe na siku yake maalumu, mtumishi aliyefundishwa, na chumba chenye pazia ambamo heshima ya mwanamke huhifadhiwa. Nawe mzazi, chanjo ikifika shuleni mruhusu binti yako achanjwe. Na wiki hiyo hiyo umpeleke mama yake akapimwe.