Chapati Haihitaji Mkalimani

Hapana jambo linalonishangaza katika mikahawa ya siku hizi jijini Nairobi kama desturi ya kumfafanulia Mkenya chakula anachokijua tangu utotoni, tena kwa Kiingereza. Jumamosi iliyopita mimi na rafiki zangu watatu, walimu wote, tulikutana mwendo wa saa tano asubuhi katika mkahawa mmoja mtaani Westlands unaojinadi kwa vyakula vya Asia. Chakula kilikuwa kitamu, na mpishi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na orodha ya vyakula. Humo chapati ilielezwa kuwa ni mkate bapa wa Kihindi, kachumbari ikafanywa saladi ya nyanya na vitunguu, nayo chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi ikabatizwa jina la "chai tea". Sentensi ya Kiswahili haikuwamo hata moja.

Tulipoagiza kwa Kiswahili, mhudumu alitujibu kwa Kiingereza. Alipogeuka kuwaambia wenzake wa jikoni tulichotaka, alisema Kiswahili safi kabisa. Simlaumu kijana huyo. Nadhani ndivyo alivyofunzwa kazi. Hata hivyo, mgawanyo huo wa Kiingereza mezani na Kiswahili jikoni ulituzulia mjadala uliodumu hadi saa saba. Mmoja wetu, mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi, alishikilia kwamba vyakula hivi ni vya kigeni na Kiswahili hakina msamiati wa kuvitaja. Dai hilo nimelisikia mara nyingi kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, na ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Tuanze na chai. Chimbuko la neno hili ni Uchina. Lilisafiri kwa nchi kavu hadi Uajemi na Bara Hindi likiwa na sauti ya "ch", na kwa njia hiyo likatufikia sisi. Waholanzi, ambao walilichukua kwa bahari kutoka pwani ya Fujian, walikuta huko watu wanaolitamka kwa "t", wakaenda nalo Ulaya, ndipo Mwingereza akapata "tea". Basi anayeandika "chai tea" ameandika "chai chai", wala hajui. Kiswahili hapa hakimwazimi Mwingereza wala hakimtegemei. Wote wawili wamelichota neno katika kisima kimoja, kila mmoja kwa kata yake.

Mengine ni hivyo hivyo. Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Uajemi. Sambusa, asemavyo Mpwani, iko karibu na umbo la Kiajemi na la Kiarabu, ilhali samosa, iliyotapakaa huku bara, ni umbo la Kihindi. Chapati, bajia, achari, kachumbari na dania yametoka Bara Hindi. Hayo ya mezani yana ndugu zake sokoni na benkini: pesa, gari, laki, bima, hundi. Sijapata kumsikia Mkenya akieleza kwamba pesa ni sarafu ya Kihindi. Kwa nini basi chapati, ambayo watoto wengi wa bara huingojea Krismasi kwa ajili yake, ifunguliwe mashtaka ya ugeni? Tena mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 nchini. Ikiwa watu wenyewe ni wenyeji, mkate wao una kosa gani?

Rafiki yangu alirudi na hoja nyingine: na hizo tambi za Kichina je? Nikamwonyesha kwamba amekwisha kujijibu, maana tambi ni neno ambalo Waswahili wa pwani wanalo tangu zamani, na wakazipika kwa sukari na nazi. Sushi na tofu nazo zinaingia kinywani mwa Mswahili bila ya kubadilishwa hata herufi moja, kwa kuwa Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi inayokomea kwa irabu. Hata mlo wenyewe wa saa tano, ambao Waingereza walilazimika kubana maneno yao mawili ya asubuhi na mchana ili wapate "brunch", hautushindi. Waislamu wana futari na daku kwa sababu wana nyakati hizo za kula. Na kila chumba cha walimu katika nchi hii kinaijua chai ya saa nne. Tuirefushe kidogo tu, tuongeze sahani.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Tumewazoesha watoto kuamini kwamba Kiswahili ni cha insha na methali, nacho Kiingereza ni cha maisha mazuri. Mwanafunzi akiandika dania, yuko mwalimu atakayemkatia alama akidai giligilani, kana kwamba giligilani ilichipuka Lamu! Kila tarehe 7 Julai tunahutubiana juu ya ukuu wa Kiswahili, kisha tunakwenda kula kwa lugha nyingine. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwenye mkahawa anayeogopa kumkosa mgeni anaweza kuziandika zote mbili. Karatasi ina nafasi.

Walimu wenzangu wa sekondari, wapeni wanafunzi kazi ya kuandika orodha ya vyakula vya mkahawa kwa Kiswahili, pamoja na maelezo mafupi ya kila chakula na asili ya jina lake. Waulizeni pia swali hili la sarufi: neno "cheti" lilitoka Bara Hindi kama chapati, likapokewa katika ngeli ya KI-VI, nasi tukapata vyeti. Mbona basi hakuna aliyewahi kuagiza "vyapati" viwili?