Ghala Juu ya Mbuga



Buseresere ni mji wa biashara. Barabara itokayo Geita kupitia Katoro kwenda Chato huleta mpunga na mahindi mlangoni pake, na wenye mitaji hutafuta mahali pa kujenga maghala makubwa. Miinukoni kumekwisha kaliwa. Penye nafasi tambarare ni mbugani, ambamo familia zimechimba majaluba yao. Yafaa tuseme neno kabla tingatinga halijafika.

Kila mkulima wa Usukumani aijua mbuga. Wakati wa mvua huvimba na kunasa jembe. Wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka. Injili hutuonya juu ya nyumba iliyojengwa mchangani, lakini huku kwetu mchanga wa luseni ni afadhali kuliko udongo huu mweusi. Magunia 20 ya kilo 100, yakipangwa moja juu ya jingine, huweka tani 2 mahali palipolaliwa na gunia moja. Sakafu iliyomwagwa juu ya mbuga isiyotayarishwa hupasuka, unyevu hupanda, na nafaka ya mkulima huoza ndani ya ghala.

Kwa hiyo kazi huanza na maji, si saruji. Mifereji huchimbwa kwanza. Udongo mweusi huondolewa, au ukiwa na kina kirefu msingi hushushwa hadi tabaka gumu. Kisha moramu humwagwa kwa matabaka membamba, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine. Ni gharama, na mwenye haraka hushawishika kumwaga kifusi na kusawazisha juu tu.

Hata hivyo, kazi ikifanywa vizuri, haki bado haijatimia. Kifusi hakimalizi maji, bali huyasukuma kwa jirani, na jirani huyo aghalabu ni mwenye jaluba moja tu. Nayo mashimo ya moramu yaachwayo wazi hujaa maji, watoto wakayaendea kuogelea.

Tusidhani wakubwa hawakosei. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi. Huduma ilianza mwaka 2016, na mafuriko yakaingia humo mara kadhaa na kuharibu mabasi. Mradi wa bonde hilo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, uliingiza ndani yake kuihamisha karakana.

Sheria ya Mazingira ya 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu. Pale ambapo ardhi ingali ya kijiji, tunawaomba viongozi wa jumuiya wahudhurie mkutano huo, na kabla ya kuinua mkono waulize maji ya mbuga yataelekezwa kwa nani, na fidia ya majaluba italipwa lini.