Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka

Leo inawaka, kesho haiwaki. Mzazi, kabla ya kumwita fundi, anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, soketi ni nzima. Kisha chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, na ukandamize waya wake vizuri, kwani ukilegea huleta umeme kwa kubahatisha. Angalia pia swichi ndogo ya nyuma. Watoto huibonyeza wakicheza.

Bado inagoma? Ichomoe, ipeleke kwa fundi. Usifungue kile kiboksi cha umeme chenye feni: hata baada ya kuchomoa, ndani hubaki umeme unaoweza kukupiga shoti. Ukinusa harufu ya kuungua, zima swichi ya ukutani na usiiwashe tena.