Kubadili Magurudumu Kusiwe Kiholela

Katika gereji za Mbagala, kuanzia Zakhem hadi Rangi Tatu, kubadili magurudumu ya gari ni kazi ya kila siku. Wapo wenye magari ya michezo ya zamani watakao yaonekane yameinama barabarani. Wapo pia wenye magari ya abiria watafutao tairi ya bei nafuu. Wote huridhika na kauli moja, kwamba ikiingia, inafaa. Kauli hiyo si ya kweli, na madhali barabara ni ya watu wote, yafaa isemwe hivyo waziwazi.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kiwandani gari hilo lilitolewa na ringi za inchi 14 na tairi za upana wa milimita 175. Gurudumu lake likizunguka mara moja, gari husogea karibu mita 2. Mwenyewe akifunga ringi za inchi 13 na tairi fupi ya upana huo huo, mzunguko mmoja utampeleka mita 1.8 tu, na gari litashuka sentimita 3. Ni kweli kwamba litakuwa jepesi kuondoka. Lakini katika safari ndefu injini itazunguka zaidi ya ilivyokusudiwa, na tumbo la gari litakwaruzwa na kila tuta. Isitoshe, ringi ndogo yaweza kugusa breki.

Hatusemi kwamba ringi ndogo ni mbaya daima. Magari ya mashindano ya dunia hufungwa ringi za inchi 15 kwenye njia za changarawe, na za inchi 18 kwenye lami, kwa sababu tairi nene huhimili mawe na mashimo. Mwenye gari la zamani apitaye vichochoro vya Mbagala aweza kufuata busara hiyo, ilimradi kimo kizima cha gurudumu kibaki kama kilivyokuwa, breki zipate nafasi, na tairi iwe na nguvu ya kuubeba uzito wa gari.

Jambo zito zaidi ni hesabu. Kipima mwendo hakioni barabara, kinahesabu mizunguko. Kwa magurudumu ya mfano wetu, katika kila kilomita 1,000 zinazoandikwa, karibu 100 hazikusafiriwa. Kwa gari la mtu binafsi hasara ni yake, au ya yule atakayemwuzia. Lakini kwa gari la umma, kitabu cha safari kitaonyesha mwendo ambao haukuwapo, na mafuta yatatolewa kwa kuufuata. Hilo ni kughushi hesabu, hata kama aliyefunga tairi hakukusudia. Na gurudumu likiwa kubwa kupita kipimo, dereva ataona 50 ilhali amekwisha kuivuka, na watoto wa shule wanavuka mbele yake.

Kwa ndugu zetu wa Mafia jambo hili si la mbali. Wengi wao huanzia safari Rangi Tatu, wakashika Barabara ya Kilwa hadi Nyamisati, ndipo wapande chombo kwenda Kilindoni. Tairi huandikwa ubavuni namba ya uzito. Yenye 107 imepimwa kubeba kilo 975, na yenye 102 kilo 850. Gari lililohitaji namba ya kwanza likifungwa tairi nne za namba ya pili, limepungukiwa uwezo wa kilo 500, yaani uzito wa abiria saba. Upungufu huo hauonekani kituoni. Huonekana njiani, tairi inapopata moto chini ya shehena na kupasuka. Abiria wa kisiwani aliyekwisha kulipa nauli hana namna ya kuikagua. Ameiweka roho yake amana mikononi mwa mwenye gari na mkaguzi.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ipo tangu mwaka 2019. Kinachotakiwa ni ukaguzi usioishia kwenye kina cha kashata za tairi, bali usome pia kipimo na namba ya uzito, na kuvilinganisha na maandishi ya kiwanda, ambayo katika magari mengi yamebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa kigeni. Yahitaji macho na uaminifu. Maofisa usafirishaji wa idara na mashirika nao waandike kila badiliko la magurudumu katika kitabu cha gari husika.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mafundi wetu wana ujuzi mwingi, na hatutaki wanyimwe riziki. Tunawataka wapime kwanza, ndipo wafunge.